Daftari la Shule Lifunguliwe

Vijana wenzetu, kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotangazwa, mitaa yetu hujaa poda nyeupe. Waliofaulu humwagiwa poda kichwani, akina mama hupiga vigelegele, pikipiki hupita zikipiga honi hadi usiku. Nasi tunashangilia pamoja nao, maana jasho lao tunalifahamu. Lakini furaha ikishatulia, tunaomba kuwauliza swali lisilo na poda. Mtoto wa jirani yako, aliye mwaka wa nne wa shule ya msingi, je, anaweza kusoma mistari mitano kwa sauti na kukueleza maana yake? Mjaribu leo jioni, kabla ya chakula.

Benki ya Dunia imekadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 kati ya 100 hufika umri wa miaka 10 bila uwezo wa kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Anayeona hesabu hiyo imezidi na aigawanye kwa mbili: bado ni aibu. Na watoto hao hawako porini. Wengi wao wameketi darasani, wana sare, wana mwalimu, wana kengele ya saa moja na nusu. Basi tatizo liko wapi?

Wengi hujibu haraka: mwalimu. Sisi tunasema jibu hilo ni la uvivu. Shule zetu za umma zinayumba kwa sababu zina wakubwa wengi, lakini hakuna mtu hata mmoja anayelazimika kutoa hesabu mbele ya wale ambao shule ilijengwa kwa ajili yao. Tuitazame shule hiyo kutoka langoni hadi juu kabisa.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule za makanisa. Jaribio hilo halikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa, na tangu hapo shule hizo zina wazazi wawili. Serikali huweka programu ya masomo, hutuma wakaguzi na hulipa walimu. Kanisa huziongoza kila siku na kulinda roho yake. Ndiyo maana shule ya parokia, yenye jina la mtakatifu langoni, ni shule ya umma sawasawa na ile ya Serikali iliyo ng'ambo ya barabara.

Juu ya shule hiyo ipo ofisi ya jimbo inayoratibu shule za Kikatoliki. Kando yake ipo ofisi ndogo ya elimu ya Serikali, ile tunayoiita sudivizio. Wapo wakaguzi na ofisi yao. Juu zaidi ipo ofisi ya elimu ya mkoa. Na mwisho kabisa ipo Kinshasa, ambako orodha ya mishahara hutengenezwa. Idara iliyojulikana zamani kama SECOPE, na ambayo leo inaitwa DINACOPE, ndiyo inayojua kama mwalimu wa kijijini yupo duniani au hayupo. Asipokuwa na namba katika orodha hiyo, anaweza kufundisha mwaka baada ya mwaka bila kuona hata franka moja ya Serikali. Walimu wa namna hiyo, tunaowaita N.U., wamo katika karibu kila shule tunayoijua.

Mtoto mwenye wazazi wawili angepaswa kushiba mara mbili. Huyu wetu hulala njaa, kwa sababu kila mzazi anadhani mwenzake amepika. Paa likivuja, ofisi ya Kanisa husema jengo ni la umma. Mwalimu asipolipwa, ofisi ya Serikali husema mwalimu aliajiriwa na Kanisa. Na mtoto, akiwa katikati, huinua kikaratasi chake juu ya kichwa kujikinga na mvua.

Tuje sasa kwenye fedha. Karatasi zetu ni nzuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Kifungu cha 204 kinaiweka elimu ya msingi na ya sekondari mikononi mwa mikoa, kwa kufuata kanuni za taifa. Kifungu cha 175 kinaipa mikoa sehemu ya 40 kwa 100 ya mapato ya taifa, ikatwe palepale fedha zinapokusanywa. Lakini makato hayo hayajapata kutekelezwa kama yalivyoandikwa. Mkoa umepewa mzigo wa shule. Kata ya kuubebea mzigo huo imebaki Kinshasa.

Pengo hilo liliwahi kuzibwa na nani? Wazee wetu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipoyeyuka na migomo ikafunga madarasa. Wazazi walikubali kuchanga fedha ya motisha ili mwalimu arudi ubaoni. Ilikuwa sadaka ya wakati wa dhiki, na tunawashukuru kwa hiyo. Lakini dharura ile iliendelea karibu miaka 30. Kilichoanza kama mchango wa kumtunza mwalimu kikageuka kodi. Sehemu yake ilibaki shuleni, sehemu nyingine ilipanda ngazi: kwenye ofisi za elimu, kwenye ofisi za wakaguzi na, tuseme bila kuficha uso, kwenye ofisi za makanisa zinazoratibu shule. Kila ngazi ilikuwa na fungu lake. Mtoto aliyefukuzwa darasani kwa kukosa ada alifukuzwa ili ngazi hizo zote zipate chakula. Sisi walei wa Kanisa hatuwezi kulinyoshea Serikali kidole kana kwamba sisi wenyewe hatukuketi kwenye meza ile.

Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza kifungu cha 43 katika shule za msingi. Tuliunga mkono, na tunaunga mkono hata leo. Kwa mujibu wa Serikali, watoto zaidi ya milioni 4 waliingia au walirudi shuleni. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, na mishahara imeendelea kuleta migomo licha ya mapatano ambayo Serikali na sendika za walimu zilifikia kule Bibwa.

Kuna jambo jingine lililotokea, ambalo halisemwi sana. Ada ilipoondoka, iliondoka na mkutano. Zamani mzazi aliitwa shuleni kila muhula, kwa sababu alihitajiwa mfuko wake. Alikuwa na nafasi, hata kama ni nafasi ya kunung'unika. Leo mfuko hauhitajiwi tena, basi na sauti yake imeachwa nje ya lango. Watu wamefanya bure kuwa sawa na kimya.

Baadhi yetu tulikwenda kuzungumza katika shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja. Tuliuliza maswali matatu tu. Nani wamo katika kamati ya wazazi? Shule ilipokea kiasi gani muhula huu kwa ajili ya chaki na matengenezo? Walimu wangapi hawalipwi? Kwa swali la kwanza tulitajiwa mwenyekiti ambaye mtoto wake wa mwisho alikwisha kumaliza shule ya msingi zamani. Kwa swali la pili mkuu wa shule alifungua droo, akatoa daftari, akalirudisha. Alitueleza kwamba fedha huchelewa, na zikija hupungua njiani bila karatasi ya kueleza sababu. Kwa swali la tatu alikuwa na jibu mara moja, kwa majina, na macho yake yalilowa. Mtu huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeachwa peke yake na daftari lisilosomwa na yeyote. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaongeza: na daftari lililofungwa ni sawa na kutokuwa na daftari.

Tunajua tutajibiwa nini. Wapo watakaosema: anayelipa ndiye mwenye kauli, nanyi hamlipi tena. Tunalipa. Kila kilo ya sukari inayopita forodhani, kila lita ya mafuta, kila bidhaa yenye kodi anayonunua mama yetu sokoni ina fungu la Serikali ndani yake. Na hata asiyenunua chochote bado ni raia, na mtoto wake ametajwa katika Katiba.

Wengine watasema: rudisheni ada, ilikuwa afadhali. Afadhali kwa nani? Nyumba inapokosa fedha, wa kwanza kubaki jikoni ni msichana. Tena, katika miaka yote ile ya kulipa, hesabu zilifunguliwa lini mbele ya wazazi? Tazameni shule za sekondari, ambako ada ingali inalipwa hadi leo: je, ninyi mnaosoma huko mmewahi kuona ukutani jinsi ada zenu zilivyotumika? Ada haikununua uwazi jana, wala haitaununua kesho.

Wapo, hatimaye, watakaosema kwamba kijana kumwuliza mkubwa hesabu ni kukosa adabu, hasa mkubwa huyo akiwa padri au sista. Lakini Jumapili, baada ya misa, sadaka hutangazwa mbele ya waamini wote, hadi noti ya mwisho, na hatujasikia paroko akilalamika kwamba ametukanwa. Injili nayo inamfahamu wakili aliyeitwa na bwana wake kutoa hesabu. Ikiwa sadaka ya kanisa inatangazwa, kwa nini fedha ya chaki iwe siri?

Basi tunadai mambo manne, na tunayadai kwa upole usiorudi nyuma. Majina ya wajumbe wa kamati ya wazazi na ya baraza la uendeshaji yabandikwe ukutani mwa kila shule, na wachaguliwe wazazi wenye watoto katika shule hiyo. Kila muhula, fedha zilizopokelewa na zilizotumika ziandikwe kwenye karatasi moja, kando ya ratiba ya masomo, hata kama kilichopokelewa ni sifuri. Sifuri iliyoandikwa inaweza kudaiwa. Idadi ya walimu wanaolipwa na wasiolipwa itangazwe wazi, ili ofisi za juu zisijifanye hazijui. Na ofisi zetu za Kanisa zitangulie: zioneshe zilipokea nini na zilifanya nini, kabla hatujamwuliza afisa wa Serikali.

Nanyi, vijana, msibaki watazamaji. Kila kundi la parokia lichague shule moja iliyo karibu. Watumeni wawili au watatu, wakiwa na barua ya heshima, wakaulize yale maswali matatu, na majibu yasomwe katika jumuiya ndogo za Kikristo. Jumamosi kaeni na watoto kumi chini ya mwembe mkawasikilize wakisoma, mmoja mmoja. Mtajua hali ya shule hiyo kuliko ripoti yoyote, na mtoto mmoja huenda akajua kusoma kwa sababu yenu. Mkifanya moja bila jingine, kazi itakuwa nusu: anayefundisha tu huziba pengo la wengine kimyakimya, na anayeuliza tu huonekana mchochezi.

Kila asubuhi mtoto wa mwaka wa kwanza hufungua daftari lake na kulisogeza mbele ya mwalimu, moyo ukimdunda, ili asahihishwe kwa kalamu nyekundu. Haoni aibu, kwa kuwa amefundishwa kwamba hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Tunaomba wakubwa wa shule zetu, wa Serikali na wa Kanisa, wawe na ujasiri wa mtoto huyo. Wafungue daftari lao.