Goti bandia nalo livuke mpaka na karatasi zake

Mwenye duka Bugolobi anayefuata bidhaa Kenya kupitia Busia anajua thamani ya cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000. Pasipo cheti, mzigo hulala mpakani. Lakini mtu huyo huyo anaweza kwenda Nairobi au India kubadilishwa goti, akarudi Kampala na chuma mguuni bila karatasi yoyote inayokieleza.

Goti bandia si kitu cha kufunga na kusahau. Kwa kawaida daktari hulenga mstari kutoka katikati ya nyonga hadi kifundo cha mguu upite katikati ya goti. Wengi wamefundishwa kwamba upotofu usizidi nyuzi 3. Siku hizi wapo wanaokibishia kipimo hicho, ila kipande cha chini kikiinama mno kwa ndani, uzito huelemea upande mmoja, kama lori lililopakiwa vibaya. Mfupa hushindwa, saruji huachia, goti hulegea. Hata goti lililonyooka huweza kulegea baada ya miaka: plastiki iliyo kati ya vyuma husagika, na chembe zake huufanya mwili uule mfupa. Vijidudu pia hulegeza, na hapo tiba ni nyingine kabisa.

Dalili huja polepole. Maumivu yaliyokwisha hurudi, hasa kwenye hatua za kwanza mtu anaposhuka basi baada ya kukaa usiku kucha. Wengi humeza vidonge na kuendelea na safari. Kosa kubwa hilo.

Daktari wa Kampala atataka kulinganisha eksirei ya leo na ya mara baada ya upasuaji. Iko wapi? Na asipojua aina na saizi ya goti, huenda akalazimika kung'oa hata kipande ambacho bado ni kizima.

Malawi, isiyo tajiri kutushinda, ilianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la pamoja tangu 2010, ina sababu gani ya kukosa la kwake? Wagonjwa wake wanavuka mipaka kila siku.

Wakati daftari hilo linasubiriwa, kila pakiti ya goti bandia huja na vibandiko vyenye namba na saizi, na hospitali hubandika kwenye faili. Mgonjwa aombe nakala na eksirei zake kabla ya kuruhusiwa, azipige picha kwa simu, na nyingine amwachie mtu wa nyumbani.