MASTAA NA KOLA ZA MIIBA: Mbwa Anakuvuta Kwa Sababu Hajafundishwa, Sio Kwa Sababu Ana Shingo Ngumu

Wadau, leo tuongelee hizi klipu za mastaa na mbwa wao, maana zimekuwa nyingi mpaka basi. Yupo msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina tuliache, ana bonge la Boerboel. Kila akipiga nalo picha ufukweni, macho ya watu yanaishia shingoni kwa mbwa: mnyororo wa chuma wenye meno kwa ndani, unang'aa kuliko hata cheni ya mwenyewe. Yupo na mrembo mmoja wa Insta mwenye German Shepherd na kola ya umeme. Anabonyeza rimoti, mbwa anatulia tuli, mafolowa wanamwaga emoji za moto. Halafu chini ya posti swali ni lile lile: "Dada, hiyo kola umeitoa wapi? Wangu ananivuta balaa."

Hilo swali ndilo limenikalisha chini kuandika. Staa akivaa viatu vibaya na wewe ukaiga, anayeumia ni wewe. Ukiiga kola, anayeumia ni mbwa, na yeye hawezi kuandika komenti. Kwahiyo naweka msimamo wangu mapema: kama mbwa anakuvuta, nunua mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele, kisha tenga dakika chache kila siku za kumfundisha. Kola ya miiba na ya umeme iache dukani, hata kama imevaliwa na mbwa wa staa unayemkubali kuliko wote.

Kabla hatujafika kwenye vifaa, tujiulize kwanini mbwa anavuta. Wengi wanasema "kiburi" au "anataka awe bosi". Hapana. Mbwa ana miguu minne na mwendo wake wa kawaida ni wa haraka kuliko wako. Pua yake inapata habari kila hatua: nani kapita, paka yuko wapi, nani anachoma mishikaki. Akivuta, wewe unamfuata. Akivuta tena, unamfuata tena. Yaani umemfundisha mwenyewe bila kujua kwamba kuvuta ndiyo nauli ya kufika anapotaka.

Halafu kuna ukweli wa mjini ambao hatupendi kuusema. Mbwa wengi wa majumbani Dar maisha yao ni banda mchana kutwa, usiku wanafunguliwa kulinda geti, asubuhi wanarudishwa bandani. Wiki nzima hajaona barabara. Jumamosi jioni unamtoa, unampakia kwenye gari mpaka Coco Beach kwenye watu, muziki, watoto, mpira na harufu ya mihogo ya kukaanga, halafu unashangaa anavuta! Hata wewe ukifungiwa wiki nzima halafu ukaachiwa pale, hutatembea kwa adabu. Huyo mbwa anahitaji kutoka mara nyingi zaidi. Kola kali haiwezi kumpa hilo.

Sasa twende kwenye vifaa vyenyewe, kimoja kimoja.

Kola ya kawaida, ile bapa ya nailoni au ngozi, ni nzuri kwa kubebea kibati chenye namba yako ya simu. Kama mbwa havuti, inatosha. Kipimo chake rahisi: vidole vyako viwili vipite kati ya kola na shingo. Lakini kwa mbwa anayevuta, uzito wote unaangukia koo. Ule mkoromo unaousikia akivuta ni njia ya hewa inabanwa. Utafiti mmoja uliochapishwa 2006 ulipima presha ya ndani ya macho ya mbwa wakivuta. Kwa kola ya shingoni presha ilipanda, kwa mkanda wa kifuani haikupanda. Kwa mbwa mwenye shida ya macho au pua fupi kama Pug, hilo ni jambo kubwa.

Kuna kola inayojibana kidogo, yenye kitanzi kifupi kinachokaza mpaka kiwango fulani halafu kinasimama. Hii ilitengenezwa kwa mbwa wenye kichwa chembamba kuliko shingo, wale wanaojichomoa kwenye kola za kawaida na kukimbilia barabarani. Inazuia kuponyoka. Kuacha kuvuta haimfundishi.

Mnyororo wa kukaba ndio tulioukuta kwa wazee wetu. Huu hauna pa kusimama: akivuta unakaza, akizidi unazidi kukaza. Mbaya zaidi ni pale mtu anapomwachia mbwa shingoni usiku kucha. Ukinasa kwenye msumari wa banda au tawi la ua, mbwa anahangaika, na kila akihangaika unakaza. Asubuhi unakuta msiba.

Kola ya miiba, kipenzi cha mastaa, ina meno ya chuma yanayominya shingo pande zote mbwa akivuta. Nitakuwa muungwana kwa upande wa pili: wapo wakufunzi wanaosema ikivalishwa sawasawa na mtu anayejua, nguvu inasambaa shingo nzima kuliko mnyororo wa kukaba. Sawa. Lakini wewe umeinunua mtandaoni, imeletwa na bodaboda, haina maelekezo, na mkufunzi wako ni klipu ya sekunde 30. Tena kuna hatari ambayo klipu haionyeshi. Mbwa anaona mtoto, anafurahi, anasogea, meno yanamchoma. Anaona mtoto mwingine, yanamchoma tena. Kichwani kwake hesabu inaweza kuwa moja tu: mtoto akitokea, shingo inauma. Siku akimfokea mtoto, watasema mbwa mkali. Hakuna atakayekumbuka kola.

Kola ya umeme ndiyo inayoonekana ya kisasa, na rimoti yake inampa mwenye nayo raha ya kujiona fundi. Wanaouza wanasema "ni mtetemo tu". Ile ya mtetemo mtupu ipo kweli, ila ya shoti ni ya shoti, na inafanya kazi kwa sababu inakera au inauma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kazi yao juu ya mbwa 63 waliogawanywa makundi matatu. Mafunzo hayakuwa ya kuvuta kamba, yalikuwa ya kuitika wakiitwa na kutii amri. Kola ya umeme haikuwapita waliofundishwa kwa zawadi. Wa zawadi ndio waliotii haraka zaidi. Sasa kama shoti haimshindi kipande cha soseji, unanunua shoti ya nini?

Wenzetu wameshachukua hatua. Wales ilipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka tangu 2010. Ujerumani kuanzia 2022 hairuhusu kola za miiba kwenye mafunzo ya mbwa. Australia inazizuia hizo za miiba zisiingizwe nchini. Na sisi tusijifanye hatuna lolote: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Kwahiyo klipu inayokupatia laiki siku moja inaweza kukupatia maswali.

Hatamu ya usoni, inayopita juu ya pua kama ya farasi, inasaidia sana kwa mbwa mwenye nguvu maana kichwa kikigeuka mwili unafuata. Ila wengi hawaipendi mwanzoni. Lazima umzoeshe siku kadhaa ndani ya nyumba kwa vitu vitamu, usiivute kwa kushtukiza, na usiifunge kwa kamba ndefu, maana akitimka shingo itageuzwa ghafla. Kwa mbwa wa pua fupi haikai kabisa.

Tumebaki na mkanda wa kifuani. Hapa watu wengi wanakosea dukani, kwahiyo soma vizuri. Mkanda wenye pete mgongoni peke yake unamfanya mbwa avute kwa raha. Mbwa wanaovuta sleji kwenye theluji huko Alaska wanafungwa kwa mikanda ya namna hiyo hiyo. Unaoutaka wewe ni wenye pete mbele, katikati ya kifua. Akivuta, nguvu yake inamgeuza upande na kumrudisha kwako. Koo liko huru na hakuna maumivu. Hakikisha haumchubui kwapani, haubani mabega, na usinunue mkubwa eti "atakua". Na ile kamba ya kujivuta na kujirudisha weka pembeni kwanza: kila akivuta inaongezeka urefu, yaani inamlipa kwa kosa lile lile.

Kifaa kimepatikana, sasa kazi. Anza ndani ya geti, sio Coco. Chukua vipande vidogo vya maini, soseji au dagaa wakavu. Mbwa akiwa ubavuni kwako na kamba imelegea, mpe kimoja hapo hapo mguuni. Piga hatua mbili, mpe. Hatua tano, mpe. Akivuta, simama kama nguzo ya umeme. Usimvute, usifoke. Akigeuka kukuangalia na kamba ikalegea, mnaendelea. Akivuta tena, simama tena, au geuka mrudi mlikotoka. Siku ya kwanza mnaweza msifike hata kwa Mangi wa jirani, na hiyo ni sawa. Dakika kumi asubuhi kabla lami haijachemka, dakika kumi jioni. Akiweza ndani, nenda mtaani kwenye utulivu. Akiweza mtaani, ndiyo ufikirie ufukweni.

Na nyumbani wote muwe kitu kimoja. Wewe ukisimama kila akivuta, halafu kaka wa getini akimtoa anakokotwa mpaka mwisho wa mtaa, mbwa atajifunza kwamba kuvuta kunalipa, ila inategemea zamu ya nani.

Najua yupo anayesema, "Wewe unaongea hivyo kwa sababu hujakutana na langu la kilo 60." Hoja ya haki kabisa. Mbwa mwenye uzito kukuzidi anaweza kukuangusha barabarani. Kwa huyo tumia pete ya kifuani, vaa raba, chagua saa ambayo barabara imetulia, na kamba usijizungushie mkononi maana utavunjika vidole. Kama haitoshi, mtafute mkufunzi anayefundisha kwa zawadi. Kama ghafla ameanza kuvuta au kuwa mkali wakati hakuwa hivyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda kuna sehemu inamuuma. Na kama nguvu zake zimekushinda kabisa, jibu la uungwana ni kukubali kwamba mwenye mikono yenye nguvu zaidi ndiye amtoe.

Kuna kitu kingine ambacho klipu za mastaa haziongelei kabisa: wanaopita. Mji wetu una watu wanaoogopa mbwa, wengine waling'atwa utotoni. Wapo pia Waislamu wengi ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, yakimgusa inabidi kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee anatoka msikitini na kanzu yake safi, dume lako linamvuta bwana wake kwenda kumnusa, na wewe unacheka eti "haumi huyo". Sio poa. Kumfundisha mbwa kutembea na kamba iliyolegea ni adabu kwa majirani kabla hata hatujaongelea raha yako.

Kwa mastaa wetu nina ombi dogo. Mna mamilioni ya watu wanaoiga mpaka mnavyofunga kamba za viatu. Mkiposti mbwa wenu wamevaa mkanda wa kifuani na kutembea kwa kamba iliyolegea, mtabadilisha mabanda mengi mjini kuliko semina yoyote. Mbwa mkubwa anayetembea taratibu pembeni yako bila chuma shingoni, hiyo ndiyo kiki yenye heshima.

Wewe mbwa wako anavaa nini akitoka, na nani anamtoa? Dondosha komenti hapo chini, na kama bado hujui mkanda gani unamfaa, andika ukubwa na uzito wake tusaidiane. Picha za mbwa zinaruhusiwa. Za kola za miiba, tafadhali, hapana.