Maganda ya Ndizi Yasipelekwe Pugu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, taka za jikoni hulipiwa mara mbili. Kwanza mwenye nyumba hutoa ada ili gari libebe maganda ya ndizi, mabua ya mchicha na machicha ya nazi hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Kisha akitaka kupanda pilipili au maua, huenda kwenye kitalu cha kando ya barabara kununua kiroba cha samadi. Hiyo ni hasara ya bure, na dawa yake, kisanduku cha kutengenezea mboji, fundi wa mtaani huimaliza asubuhi moja.

Paleti 4 za mbao zinatosha. Husimamishwa wima zikawa kisanduku cha takriban mita 1 kila upande, pembe zikafungwa kwa waya, na paleti ya mbele ikaachwa iweze kufunguka. Chini haiwekwi sakafu, ili maji yapite na minyoo ipande kutoka ardhini. Kipimo cha mita 1 kina sababu. Lundo dogo hupoa upesi, ilhali la ukubwa huo, likichanganywa vizuri, huweza kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchanganya. Kila ndoo ya mabaki mabichi ifunikwe kwa ndoo 2 au 3 za vitu vikavu: majani makavu, maranda ya seremala, katoni zilizochanwa. Wanaolalamika kuwa mboji inanuka na kujaza nzi, aghalabu hapo ndipo walipokosea. Konzi moja ikikamuliwa ikachuruzika maji, viongezwe vikavu; ikipukutika kama vumbi, inyunyiziwe maji. Nyama, samaki na mafuta visitiwe kabisa, maana huleta panya. Vifuu navyo vikae kando kwa sababu haviozi upesi. Wakati wa masika, turubai juu.

Lundo likigeuzwa kwa koleo kila wiki, baada ya miezi 3 hivi hupatikana mboji nyeusi inayomeguka vidoleni.

Maganda hayohayo yakirundikwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi inayochangia kuongeza joto duniani. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe kwa wapenda maua peke yao. Manispaa zianze na shule za msingi zenye bustani, na mwenye ua, hata mdogo, atenge ndoo ya maganda jikoni kuanzia wiki hii.