Asiuze ng'ombe kabla hajaijua kozi ya lishe

BAADA ya mavuno, mkulima wa Bashay wilayani Mbulu hukabiliwa na hesabu ngumu: auze mahindi, vitunguu saumu au ng'ombe ili mtoto aende chuo. Mtoto akisema anataka kusomea lishe, mzazi anaweza kudhani ni mapishi.

Si mapishi. Ni taaluma ya kupanga chakula cha mgonjwa wa kisukari au figo, cha mama mjamzito na cha mtoto aliyedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ghala lililojaa mahindi peke yake halimkingi mtoto.

Kwa anayetaka shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kinafundisha Lishe ya Binadamu kwa miaka mitatu. Chuo Kikuu Huria nacho kina shahada ya chakula na lishe, inayomfaa asiyeweza kuacha shamba au duka. Mlango wa kawaida wa kuingilia ni masomo ya sayansi ya kidato cha sita, hasa Kemia na Baiolojia. Hivyo basi, uamuzi hufanywa mtoto anapochagua masomo ya sayansi sekondari, si matokeo yanapotoka.

Njia ya pili ni stashahada, ambayo ni fupi na nafuu. Wapo wanaoidharau, lakini wanakosea. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inasajili wataalamu wa lishe wenye cheti, stashahada na shahada. Marekani tangu mwaka 2024 inamtaka mtaalamu mpya wa lishe ya tiba awe na shahada ya uzamili, lakini fundi msaidizi wake huweza kuanza na chuo cha miaka miwili. Ngazi ya kati ni kazi kamili.

Je, ajira ipo? Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Hata hivyo, nafasi za serikali haziwezi kumtosha kila mhitimu. Mwenye ujuzi huu atazame pia usindikaji wa unga wa lishe na viwanda vya kusaga nafaka, kwani kanuni za mwaka 2011 zilivitaka viwanda vikubwa kuongeza virutubishi katika unga.

Kabla ya kulipa ada, mzazi ahakikishe shahada inatambuliwa na TCU, na stashahada na NACTVET. Aulize kama kuna mafunzo kwa vitendo hospitalini. Aidha, afuatilie mapema mikopo ya HESLB.

Ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Ni vyema hesabu ikafanyika kabla ya mnada.