KISIMA CHA SADAKA KISIKAUSHE KISIMA CHA JIRANI



Ndugu zangu katika imani, huko Jakarta, Indonesia, mtaa wa Muara Baru, kuna msikiti unaitwa Wal Adhuna. Leo hauswaliwi. Maji ya bahari yameuingia, na ukuta wa kuzuia bahari umeuacha upande wa nje.

Je, ni bahari tu iliyopanda? Hapana. Ardhi nayo imeshuka. Baadhi ya sehemu za kaskazini mwa mji ule zimezama kiasi cha mita 4 tangu miaka ya 1970, na sababu kubwa ni visima. Udongo wa pale ni laini. Maji yaliyomo ndani yake husaidia kubeba uzito wa juu. Yakivutwa kupita kiasi, udongo unajibana, ardhi inashuka, na hata mvua ikinyesha hainyanyuki tena.

Utasema: "Shekhe, sisi huku Ipole tuko juu ya mwamba, ya Jakarta yanatuhusu nini?"

Ni kweli, ardhi yetu haitazama namna ile. Lakini maji yetu yamekaa katika udongo ulio juu ya mwamba na katika nyufa zake, na akiba hiyo ni ndogo. Ukifunga pampu ukavuta mchana kutwa, ndoo ya jirani itarudi na tope.

Hapa ndipo penye nasaha yangu. Siku hizi tunashindana kuchimba visima vya sadaka, na ni jambo jema sana. Lakini wanachuoni wetu tangu zamani waliweka harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akakiharibia maji. Sadaka haihalalishi dhulma. Kabla hujatuma mchango wako, uliza: kisima cha karibu kiko umbali gani? Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kipo? Nani atapima kina cha maji kila kiangazi?

Na wewe mchimba madini, msikilize ndugu yako. Januari 2024 kule Bariadi, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka, wakafa watu zaidi ya 20. Ukitoa kilichomo chini bila kuweka nguzo, kilicho juu kitakuja. Na shimo ulilolimaliza lifukie. Katika fiqhi, aliyechimba shimo njiani bila haki, akatumbukia mtu, analo la kujibu.

Misafara ya zamani ya kwenda Tabora ilipiga kambi palipo na maji. Maji yakikauka, kituo kilikufa. Sisi tunaishi hapa, hatupiti.

Aya ya mwisho ya Suratul Mulk inatuuliza: maji yetu yakididimia ardhini, nani atatuletea mengine? Na Mtume wetu ﷺ alikuwa akitawadha kwa takriban mudi moja tu ya maji. Sisi tunafungua bomba la msikiti, tunaongea, maji yanamwagika.

Anza leo: funga bomba, pima kisima, muulize jirani kama bado anapata maji.

Ewe Mola wetu, tubarikie maji yetu na utuepushe na dhulma tusiyoiona. Amin.

Wallahu aalam. Mfikishie na mwenzako.