Bei Kwanza, Baraza Baadaye

Kusini-magharibi mwa Uingereza uko mji wa reli uitwao Swindon. Tangu Aprili 2017, sehemu moja ya mji huo inaangaliwa na baraza dogo lenye jina la kushangaza: Central Swindon North, yaani Kaskazini ya Katikati ya Swindon. Jina hilo halina mto, kilima wala soko ndani yake. Ni vigumu kumwazia mtu akimwambia dereva wa teksi ampeleke huko. Limezaliwa mezani, juu ya ramani, na penseli mkononi.

Naanza na jina kwa sababu linaeleza namna baraza lenyewe lilivyozaliwa. Mwaka 2016 halmashauri ya mji iliwauliza wakazi maoni yao kuhusu kuugawa mji mzima katika parishi. Wananchi waliulizwa, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kile walichoulizwa.

Neno parishi lisitupoteze. Kwa muda mrefu lilikuwa mali ya kanisa, na kikao cha waumini ndicho kilichosimamia mambo mengi ya kijiji. Sheria ya mwaka 1894 ikatenga madhabahu na utawala, ikaanzisha mabaraza ya kiraia ya kuchaguliwa, na wanawake, hata walioolewa, wakapata nafasi ya kupiga kura na kugombea, miaka 24 kabla ya sheria kuwaruhusu wanawake kumchagua mbunge nchini humo. Sisi tuna neno lenye sura mbili kama hilo. Kwa Walutheri wa Tanzania mtaa ni sehemu ya usharika. Kwa serikali, ni ngazi ya chini kabisa ya mji.

Lakini mfanano unaishia hapo. Ofisi ya mtaa Dar es Salaam itakuandikia barua ya utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa uzio. Baraza la parishi halikuandikii barua. Linafyeka nyasi za bustani, linatunza makaburi, vibanda vya basi, viwanja vya watoto na vyoo vya umma, na linatoa maoni kuhusu vibali vya ujenzi bila kuwa na kauli ya mwisho. Kisha linakuletea bili. Lina mamlaka ya kutoza, na tozo yake inapanda juu ya kodi ya nyumba unayolipa kwa halmashauri.

Mabaraza haya yako takriban 10,000, mengi yakiwa vijijini. Miji mingi mikubwa iliachwa bila baraza la namna hii baada ya mageuzi ya mwaka 1974. Mbona sasa yanahitajika mijini kwa haraka?

Jibu liko mfukoni. Tangu mwaka 2010 fedha ambazo halmashauri hupata kutoka serikali kuu zimebanwa vikali. Sheria inazitaka halmashauri zihudumie wazee na watoto walio hatarini. Haizilazimishi kupanda maua. Kwa hiyo maua, nyasi na viwanja ndivyo vinavyotafutiwa mlezi mwingine. Halmashauri ikitaka kupandisha kodi kupita kiwango kilichowekwa na serikali, lazima iitishe kura ya maoni. Parishi, hadi sasa, hazijawekewa kikomo hicho. Mzigo unatolewa kwenye kikapu chenye kifuniko na kutiwa kwenye kikapu kisicho nacho, huku anayelipia vyote viwili ni mtu yuleyule.

Sisemi ni ulaghai. Nyasi zisipofyekwa zitaota, na bustani inayolipiwa na majirani ni bora kuliko bustani iliyofungwa. Baraza la karibu lina faida ambayo halmashauri kubwa haiwezi kuiga: diwani wake unakutana naye dukani, na fedha zilizokusanywa mtaani haziwezi kupelekwa kuziba pengo upande wa pili wa mji. Hoja yangu ni kwamba anayekusanya maoni hapa si mwamuzi asiye na timu. Ni mwenye mzigo anayetafuta wa kumtua.

Sheria ya mwaka 2007 inaitaka halmashauri iwaulize wapiga kura wa eneo husika na wengine wenye maslahi, na imalize zoezi ndani ya miezi 12. Inaitaka pia izingatie utambulisho wa jamii na ufanisi wa utawala. Ila haiilazimishi kuitisha kura. Maoni yanapokelewa na kupimwa, na mizani imo mikononi mwa yuleyule mwenye mzigo.

Mlango wa pili upo. Katika eneo lenye wapiga kura zaidi ya 2,500, asilimia 7.5 yao wakitia saini ombi, halmashauri inalazimika kulichunguza. Wakazi wa Queen's Park, kaskazini-magharibi mwa London, walianza hivyo, kwa kukusanya saini. Mwaka 2012 waliitishiwa kura ya maoni, wengi waliojitokeza wakakubali, na mwaka 2014 wakachagua baraza la kwanza la parishi London tangu sheria ya mwaka 1963 ilipoyafungia nje ya jiji hilo. Jina lake ni lile walilokuwa wakilitumia siku zote. Queen's Park walijua wanachonunua, kwa sababu wao ndio waliokwenda sokoni.

Suala hili halijaisha, bali linapamba moto. Waraka wa sera wa Desemba 2024 ulipendekeza halmashauri za wilaya zimezwe na mamlaka kubwa, kila moja ikilenga watu 500,000 au zaidi. Northampton ilipopoteza halmashauri yake mwaka 2021, ilibaki na baraza la mji, yaani parishi kwa jina lingine. Harrogate ilichagua lake Mei 2025. Miji mingine itabisha hodi milangoni mwa watu ikiwa na fomu ya maoni. Milango mingine ni ya wasomaji wetu: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi huko kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi hizi, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Asiitupe karatasi hiyo akidhani ni ya wenyeji.

Aisome akitafuta mambo mawili. La kwanza ni bei. Mwaka 2024/25 tozo ya parishi kwa nyumba ya daraja D la kodi ilikuwa wastani wa karibu paundi 86, lakini wastani hauonyeshi bili ya mtaa wako wala itakavyokuwa baada ya miaka mitano. La pili ni hatima ya "hapana": wakazi wakikataa, ni huduma ipi itafungwa, na lini? Baraza likishaundwa, kulivunja ni safari ndefu nyingine ya uchunguzi na maoni.

Fomu inayouliza "Je, mnataka baraza lililo karibu nanyi?" haiulizi kitu, nani ataomba utawala wa mbali? Fomu ya kweli ingesema: "Hatuwezi tena kutunza bustani hii. Mkiitunza wenyewe, kila nyumba italipa kiasi hiki. Msipoitunza, tutaifunga mwezi fulani. Mnaamuaje?" Ni swali gumu, na huenda wengi wangekasirika. Lakini hasira hiyo ingekuwa maoni ya wananchi kwa mara ya kwanza.