Shule Ndogo za Nchi ya Chai Zisihukumiwe kwa Rejista Pekee

Katika kaunti za Kericho na Bomet, shule ndogo ya upili ya kutwa aghalabu hupimwa kwa swali moja tu: ina wanafunzi wangapi? Swali hili ni halali, lakini idadi hiyo haiamuliwi na mwalimu mkuu wala na matokeo ya mtihani peke yake.

Tangu mwaka 2008 serikali huigharimia elimu ya kutwa kwa kuhesabu vichwa. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 120 ingestahili shilingi 2,669,280, na yenye wanafunzi 1,200 ingestahili mara kumi yake. Hata hivyo, shule ndogo haiwezi kuajiri sehemu moja ya kumi ya mlinzi, wala kufundishwa na sehemu moja ya kumi ya mwalimu wa fizikia.

Mwaka 2025 hapakuwa na Kidato cha Kwanza, kwa kuwa watoto wa mtaala wa umilisi walikuwa wangali Gredi ya 9 katika shule za msingi. Shule kubwa ilipoteza darasa zima ikabaki kubwa. Ndogo ilibaki kiunzi.

Nchi ya chai ina sababu yake nyingine. Tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa yamewavuta wachumaji kutoka Gusii, Nyanza na Magharibi, wakaishi jirani na Wakipsigis, na watoto wao wakasoma pamoja. Mashine za kuchumia chai zimepunguza haja ya mikono. Hasira juu ya jambo hilo ililipuka Kericho mnamo Mei 2023, mashine zilipoteketezwa. Mchumaji anayeishi katika nyumba ya shamba akipoteza kazi, hupoteza na makao. Akirudi kwao huondoka na watoto wake, na rejista hupungua.

Nikiwa mwanaisimu, naona hasara nyingine isiyoandikwa rejistani. Mkipsigis akikaa dawati moja na Mgusii na Mluo, Kiswahili huwa chombo cha kuazimia kalamu na kusuluhishia ugomvi. Wakibaki wa lugha moja, lugha ya taifa hurudi kitabuni. Katika eneo lililoonja ghasia za 2007 na 2008, hasara hiyo si ndogo.

Wako wasemao kwamba shule hizi ziunganishwe. Yamkini mahali pengine itafaa. Lakini binti wa mchumaji asiye na nauli wala karo ya bweni hatahamia shule kubwa, atabaki nyumbani.

Yafaa basi Wizara ya Elimu itenge kiasi cha msingi kwa kila shule kabla ya kuhesabu vichwa, na shule jirani zigawane walimu wa sayansi. Nayo mashamba, kabla ya kuleta mashine, yaziarifu bodi za shule. Haifai mwalimu mkuu apate habari hizo kwa kuona madawati matupu.